Je, wajua kwa nini Wamarekani wengi hawataki mkwe wa chama kingine?

Mwaka 1960 watafiti waliwauliza Wamarekani swali la nyumbani kabisa: mwanao akifunga ndoa na mtu wa chama kinachopingana na chako, utachukia? Waliosema ndiyo walikuwa kama watano kati ya mia, katika vyama vyote viwili. Mwaka 2010 swali la aina hiyo liliporudi, karibu nusu ya wafuasi wa Republican na theluthi ya wafuasi wa Democratic walisema hawatafurahi.

Hapa ndipo nilipokosea, tena kwa muda mrefu. Nilizichukua tarakimu hizo kuwa kipimo cha chuki: kwamba nusu ya watu hawawezi tena kula sahani moja na nusu nyingine, na siasa sasa zinaamua posa. Nimewahi kuwaeleza watu hivyo nikiwa na hakika. Si mimi peke yangu. Swali la mkwe limekuwa mfano unaotajwa kila panapozungumzwa mpasuko wa siasa za Marekani. Tarakimu zenyewe hazina kasoro. Tatizo ni kwamba swali liliacha pengo, na kila aliyejibu alilijaza mwenyewe. Lilisema “mtu wa chama kingine”. Halikusema mtu huyo anaongea nini akikaribishwa chakula.

Mwaka 2018 mwanasayansi wa siasa Samara Klar wa Chuo Kikuu cha Arizona, pamoja na Yanna Krupnikov na John Barry Ryan, walichapisha jaribio lililoliziba pengo hilo. Wahojiwa wengine waliambiwa mkwe huyo huongea siasa mara kwa mara, wengine wakaambiwa huongea kwa nadra. Mkwe wa chama pinzani asiyependa kuzungumza siasa aliwasumbua watu wachache zaidi. Na lililonishangaza kuliko yote: hata mkwe wa chama chao wenyewe, akiwa mtu wa siasa asubuhi na jioni, kuna ambao hawakumtaka.

Tuchukue mfano wa Kariakoo. Baba ni Yanga wa damu. Binti anamwambia posa inakuja, na kijana ni Simba. Baba anamwona nani kichwani? Hamwoni yule Simba anayesoma matokeo kwenye simu kisha akalala. Anamwona mwenye jezi nyekundu na vuvuzela, atakayempigia saa tano usiku baada ya dabi kumuuliza kama bado anapumua. Sasa binti aongeze: “Lakini mpira hauongelei kabisa, baba.” Mabega yanashuka. Klabu ya kijana ni ile ile. Kilichobadilika ni picha. Na tumgeuze kijana awe Yanga, ila awe wa kuchambua kikosi kuanzia supu ya asubuhi hadi taarifa ya habari. Baba atamchoka pia, ingawa wanashangilia goli moja.

Ndivyo jina la kundi linavyofanya kazi: linamleta mbele mwenye kelele kuliko wote. Utafiti uliofuata, ambao watafiti hao watatu walishiriki, ulionyesha jambo hilo hilo: ukimtajia Mmarekani chama pinzani, humfikiria mwenye msimamo mkali anayezama kwenye siasa, wakati wafuasi wengi wa kawaida si hivyo. Chuki inayopimwa, kwa sehemu, inamhusu mtu huyo wa kufikirika.

Kwa sehemu, nasema. Wale walioshikamana sana na chama bado hawapendi mkwe wa upande wa pili. Maneno ya swali la 1960 na la 2010 hayakufanana kabisa, kwa hiyo kulinganisha tarakimu kunahitaji tahadhari. Na kujibu dodoso si kupokea mahari.

Klar aligusa dhana nyingine ambayo wengi tunaipenda: kwamba wanawake wa vyama vyote wakikumbushwa uanamke wao watasogeleana. Utafiti wake uliotoka mwaka huo huo wa 2018, wenye majaribio mawili yaliyohusisha wanawake zaidi ya 3,000 kila moja, ulikuta kinyume: kuukumbusha uanamke kuliongeza upendeleo wa kichama. Utambulisho wa pamoja huunganisha pale pande zote zinapokubaliana maana yake, na wanawake wa Republican na wa Democratic hawakubaliani mwanamke anahitaji nini, wala nani anamsemea. Waambie ndugu wanaogombea shamba la marehemu kwamba wao ni watoto wa baba mmoja: hapo ndipo kila mmoja anapopata dai lake.

Utambulisho mwingine ulileta matokeo tofauti. Mwanasayansi mwingine wa siasa, Matthew Levendusky, pia katika utafiti wa 2018, aliona kwamba Wamarekani wakikumbushwa Umarekani wao hupunguza ubaridi kwa chama pinzani. Lakini majaribio ya Klar yalikuwa ya wanawake peke yao, kwa hiyo hayasemi lolote kuhusu wanaume kukumbushwa uanaume.