Je, wajua kwa nini kidonge kilekile kiliuzwa dola 1,000 nchi moja na dola 11 nchi nyingine?

Mwishoni mwa 2013 Marekani iliidhinisha dawa mpya ya homa ya ini aina ya C iitwayo sofosbuvir. Mgonjwa humeza kidonge kimoja kwa siku, pamoja na dawa nyingine, kwa wiki 12. Hivyo ni vidonge 84, na wengi hupona kabisa. Bei iliyotangazwa huko ilikuwa dola 84,000 kwa dozi nzima. Piga hesabu, ni dola 1,000 kwa kila kidonge. Mwaka uliofuata kampuni iliyokuwa ikiiuza ikakubali kuiuzia serikali ya Misri dawa hiyo kwa dola 900 kwa dozi. Kidonge kikawa kama dola 11.

Jibu linalotujia haraka mdomoni ni kwamba Marekani maisha ni ghali na Misri ni nafuu. Jibu hilo si la uongo, ila linafika nusu ya njia tu.

Tuanze na nusu yenye ukweli. Chukua kinyozi. Kunyoa kichwa huchukua muda uleule Zurich, Uswisi, na Cairo, Misri, na mkasi ni mkasi. Lakini kinyozi wa Zurich anaishi katika mji ambao viwanda na benki hulipa mishahara mikubwa, kwa kuwa mashine zimemfanya kila mfanyakazi azalishe zaidi. Asipolipwa vizuri, ataacha mkasi aende huko. Basi bei ya kunyoa hupanda ingawa kinyozi mwenyewe hajaongeza kasi hata kidogo. Wanauchumi wa Marekani William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili katika miaka ya 1960 kwa mfano wa wanamuziki wanne: kipande cha muziki kilichohitaji watu wanne karne mbili zilizopita bado kinahitaji wanne, na mshahara wao umepanda pamoja na wa wafanyakazi wengine.

Hospitali inafanana na kinyozi kuliko kiwanda. Ndani yake kuna muuguzi wa zamu ya usiku, mpasuaji, mtu wa maabara, mfagizi. Kazi yao haiwezi kutiwa kwenye kontena na kuuzwa ng'ambo, kwa hiyo bei yake hufuata mishahara ya pale ilipo. Ndiyo maana mtu hupanda ndege kwenda India au Thailand kubadilishiwa nyonga, na hata akijumlisha nauli na hoteli bado anabaki na chenji. Na ndiyo maana kulinganisha nchi mbili kwa bei ya kubadilisha fedha peke yake hupotosha: dola moja katika nchi ya mishahara midogo hununua huduma nyingi zaidi. Wataalamu hutumia kipimo cha uwezo wa kununua, wakilinganisha kapu moja la bidhaa na huduma katika kila nchi.

Hapo ndipo Uswisi inapoharibu hesabu. Ukiondoa matibabu, gharama za maisha Uswisi ni kubwa kuliko Marekani. Kama gharama za maisha ndizo zingeamua, Uswisi ingekuwa kinara wa gharama za afya. Sivyo. Uswisi hutumia takriban asilimia 12 ya pato la taifa kwa afya, Marekani zaidi ya asilimia 17. Mwaka 2022 matumizi hayo Marekani yalipita dola 13,000 kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, mtoto na mzee. Je, Wamarekani wanakwenda hospitali mara nyingi zaidi? Mwaka 2003 Gerard Anderson, Uwe Reinhardt na wenzao walilichunguza swali hilo kwa kulinganisha nchi tajiri, wakakuta hapana. Hawakuwa wakimwona daktari mara nyingi zaidi wala kulazwa siku nyingi zaidi. Tofauti kubwa ilikuwa bei ya kila kitu kimoja kimoja.

Na kidonge, tofauti na muuguzi, hakilipi kodi ya nyumba. Hakina kisingizio cha kuwa ghali Chicago na rahisi Cairo. Bei yake inaamuliwa na nani ameketi mezani kupatana, na kama anaweza kusimama na kuondoka.

Japani walipaji wote wameketi upande mmoja. Kuna kitabu kimoja cha bei kwa nchi nzima, chenye maelfu ya huduma, kila moja ikiwa na pointi zake, na pointi moja ni yeni 10. Ukishonwa jeraha Tokyo au kijijini, pointi ni zilezile, kwa hospitali ya umma na ya binafsi. Kitabu hurekebishwa kila baada ya miaka miwili, na mgonjwa wa kawaida hulipa asilimia 30, tena kuna kikomo cha mwezi ambacho akikifikia mzigo wake hupungua sana. Kwa kuwa bei ya kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, ilibanwa chini, watengenezaji walibuni mashine ndogo na nafuu zaidi. Leo Japani ni miongoni mwa nchi zenye mashine nyingi zaidi za MRI kwa idadi ya watu. Ukibana bei kwa nguvu, si lazima ukose huduma.

Uingereza huuliza swali lingine, ambalo wengi huliona la kikatili: mwaka mmoja wa afya njema tunaununua kwa kiasi gani? Taasisi ya NICE, inayoamua dawa zipi huduma ya afya ya umma izilipie na iliyoanzishwa 1999, kwa miaka mingi ilitumia kipimo cha pauni 20,000 hadi 30,000. Dawa ikizidi hapo, muuzaji hushusha bei au hubaki na dawa yake, isipokuwa kwa sababu maalumu. Mimi naona ukatili mkubwa zaidi ni kuacha swali hilo lijibiwe kimyakimya na mfuko wa mgonjwa.

Marekani ilifanya kinyume. Sheria ya 2003 iliyowapa bima ya dawa wazee wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, iliizuia serikali isijadiliane bei na watengenezaji. Ruhusa ilikuja kwa sheria ya 2022, na bei za dawa 10 za mwanzo zikaanza kutumika Januari 2026.

Kwa hiyo anayepima kuhamia nchi nyingine akitazama mshahara na kodi ya nyumba tu amesahau mstari mmoja mnono kwenye daftari. Aandike mchango wa bima wa kila mwezi, kiasi anachojilipia kabla bima haijaanza kulipa, na sehemu anayochangia kila anapotibiwa. Upande wa pili aandike kodi ya mapato, maana pale matibabu yanapoitwa ya bure, huwa yamelipiwa mapema. Kisha abadilishe kila kitu kuwa siku za kazi. Upasuaji wa dola 300 ni rahisi kwa anayezipata dola hizo kwa siku mbili, na ni balaa kwa anayehitaji miezi mitatu kuzipata.

Misri ilikuwa na sababu nzito ya kuketi mezani. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980 kampeni za kutibu kichocho zilitumia sindano ileile kwa mtu zaidi ya mmoja, na virusi vya homa ya ini vikasambaa kwa mamilioni ya watu. Mnunuzi mwenye wagonjwa wengi hivyo ana sauti. Baadaye viwanda vya Misri vikaanza kuitengeneza dawa hiyo vyenyewe, na dozi nzima ikashuka chini ya dola 100.