Shangazi naye ahesabiwe

Barua ya kumtuma mgonjwa imeniletea tena: "Historia ya familia: hakuna." Imeandikwa na daktari, tena msomi. Nikamuuliza yule mama, baba yako ana dada wangapi? Watatu. Wako wapi? Mmoja alikufa kwa kansa ya titi kabla ya kufika miaka arobaini. Mwingine tumbo lilijaa maji, familia ikasema karuho, yaani sumu; mimi nashuku kansa ya ovari, kifuko cha mayai. Hiyo ndiyo "hakuna" yetu ya Bukavu.

Wenzangu, jeni mbili zikiharibika huongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari: BRCA1 iko kwenye kromosomu ya 17, BRCA2 iko kwenye ya 13. Wala si X, wala si Y, zile za jinsia. Mzazi mwenye nakala mbovu, awe baba awe mama, kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Baba anaweza kuibeba miaka sabini bila hata kikohozi, akawaachia mabinti. Ndiyo, kansa nyingi za matiti hazirithiwi, zinazorithiwa ni kama 5 hadi 10 kwa mia. Tusonge mbele.

Kinachoniudhi zaidi ni vikokotoo vya hatari ya kansa ya titi. Hesabu ya Gail, ya mwaka 1989, inauliza mama, dada na binti tu. Shangazi hayumo, bibi mzaa baba hayumo, na ovari haiulizwi kabisa. Kwa mama huyu inatoa hatari ya kawaida, tena kwa desimali, na desimali huaminiwa hata ikidanganya. Haikutengenezwa kwa familia kama hizi! Kikokotoo kingine, BOADICEA, kinachukua ukoo mzima, pande zote mbili, lakini nacho kinakula kile unachokilisha.

Kwa hiyo mimi huchora ukoo. Duara ni mwanamke, mraba ni mwanaume, aliyeugua namtia wino. Baba akiwa na kaka sita na hana dada, usafi wa upande ule hauniambii kitu: jeni inaweza kupita kwa wanaume kimyakimya. Na maduara yetu yanakatika mapema, kwenye uzazi, kwenye vita vya 1996 na vilivyofuata. Aliyekufa na miaka 28 usimwandike "hakuwa na kansa". Hakuachwa afikie umri wake. Ndiyo maana nasumbua watu kwa miaka. Hawaikumbuki? Alizaliwa kabla ya Schramme, yule mamluki aliyeuteka Bukavu 1967, au baada? Kabla, kidogo. Basi 1966, tunaendelea. Na watoto wa baba mmoja, mama tofauti, waingie wote, hata kama nyumba hizo mbili hazisalimiani.

Asilimia, sasa. Utafiti mkubwa wa 2017 ulikadiria hatari ya aliyerithi jeni mbovu, hadi miaka 80: kansa ya titi 72 kwa mia kwa BRCA1 na 69 kwa BRCA2. Ovari 44 na 17. Nazitaja kwa sauti ya chini, maana familia zile nyingi ni za asili ya Ulaya. Kwa mama wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, nasema "hatari kubwa, mara kadhaa kuliko ya jirani yako", halafu nanyamaza. Na labo ikipima jeni na kujibu "badiliko lisiloeleweka", jibu linalowapata zaidi watu wa asili ya Afrika kwa sababu hifadhidata zimejaa Wazungu, hiyo si ndiyo wala si hapana. Mtu asikatwe kiungo kwa ajili yake.

Pesa ya kipimo ikipatikana, apimwe kwanza aliyeugua, kama yupo hai. Hapa ni yule shangazi wa tatu, ambaye barua haikumtaja: ana uvimbe, yuko Uvira, na hakuna aliyemuuliza kitu.