Commodore 64 iliyokaa kabatini usiichomeke tu

Ukirithi kompyuta ya zamani ya mjomba, Commodore 64, utaambiwa: haijatumika miaka, basi ni nzima, chomeka. Sivyo. Adui mkubwa wa mashine hii ya 1982 ni adapta yake yenyewe. Ikizeeka, umeme wa volti 5 huweza kupanda na kuunguza chipu za memori, zile kilobaiti 64 zilizoipa jina. Na taa nyekundu itawaka vizuri tu, ikuhadae! Ipime adapta kwanza kwa mita ya volti, au (mimi ningefanya hivi) nunua mpya. Hewa ya chumvi ya Mombasa nayo huingia hadi kabatini, ikaleta kutu kwenye soketi. Kaseti za michezo zilizoota ukungu zisafishwe kwanza. La sivyo zitachafua kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda.