Kisukari na mishipa midogo ya jicho

Sukari inaufanyaje mshipa wa jicho uwe mgumu?

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hunata kwenye protini za mwili. Ikinata kwenye hemoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu, ndipo tunapopata kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Kwenye ukuta wa mshipa hunata kwenye kolajeni, protini ya nyuzi inayoupa ukuta nguvu, nyuzi hizo zikashikana, ukuta ukanenepa na kukakamaa. Seli zinazoushikilia mshipa kwa nje nazo hufa. Utando wa ndani huishiwa nitriki oksaidi, ambayo ndiyo hulegeza mshipa upanuke.

Ukishakakamaa, kuna ubaya gani?

Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi mno. Ukimulika jicho lisilo na ugonjwa kwa mwanga wa kumetameta, mishipa yake hupanuka kuongeza damu. Ya mwenye kisukari hupanuka kwa shida, hata kabla daktari hajaona doa lolote. Baadaye hutoka vivimbe vidogo, damu na maji huvuja, mishipa mingine huziba. Retina ikikosa oksijeni huchochea mishipa mipya, nayo ni dhaifu, hupasuka kwa urahisi.

Mbona mimi naona vizuri?

Kwa sababu sehemu ya katikati ya retina bado haijaguswa. Jibu hili ndilo linalowachelewesha wengi.

Macho yana ukungu, ninunue miwani?

Subiri kwanza. Sukari ikipanda, lenzi huvimba na kipimo cha miwani hubadilika; ikishuka, hubadilika tena. Tuliza sukari kwa wiki kadhaa ndipo upime, la sivyo utanunua miwani mara mbili.

Kudhibiti sukari kunasaidia kweli?

Sana. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotolewa 1993, ulionyesha kuwa kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao retina zao zilikuwa bado nzima, udhibiti mkali ulipunguza hatari ya ugonjwa huu wa retina kwa asilimia 76. Presha nayo ishushwe. Mshipa mgumu hauivumilii.

Uchunguzi ukoje?

Unatiwa matone ya kupanua mboni, kisha retina inaangaliwa au kupigwa picha. Kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuumiza, kwa hiyo usiendeshe pikipiki. Nenda na mtu. Mwenye kisukari cha aina ya pili aanze siku anapogundulika, kisha kila mwaka, isipokuwa daktari amempangia vingine. Ukiona ghafla vidoa vyeusi vinaelea au kama pazia limeshuka, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.