Kukandwa hakutoi machungu ya zamani kwenye misuli

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye makundi ya mtandaoni: machungu ya zamani ya moyoni hujificha kwenye misuli ya nyonga, na ukikandwa hapo ukalia, basi yametoka na umepona. Si kweli. Kumbukumbu hutunzwa kwenye ubongo. Msuli hauna pa kuziweka.

Kinachochanganya watu ni kwamba mwili kweli huitikia huzuni. Mwenye hofu hukaza mabega, taya na tumbo bila kujua. Ngozi nayo ina neva zinazoitikia zaidi mguso mwepesi wa polepole, takriban sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na mguso huo ukitoka kwa mtu unayemwamini hutuliza. Ukitulia, machozi yanaweza kuja. Ni nafuu, wala siidharau, ila si ushahidi wa kupona.

Jiangalie baada ya wiki kadhaa: jinamizi limepungua? Unalala? Kama bado, mwone mshauri nasaha au daktari. Na aliyewahi kuumizwa kwa kuguswa anaweza kuumia tena akilazimishwa, kwa hiyo ridhaa yake kwanza. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.