Kumtumia pesa ndugu aliyefungwa Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ndugu akihukumiwa kifungo Marekani, kikundi cha WhatsApp cha familia huanza kuchangishana siku hiyohiyo. Nia ni njema kabisa. Shida ni maelezo yanayozunguka humo kuhusu namna ya kumfikishia mchango huo, maana mengi si sahihi, na pesa ikishaenda kusiko, kuipata tena ni kazi. Nazungumzia magereza ya serikali kuu, yaliyo chini ya Federal Bureau of Prisons (BOP). Magereza ya majimbo na jela za kaunti yana taratibu na makato yake; ukitaka kujua, uliza palepale alipo.

"Pesa inapelekwa kwenye gereza alilofungwa." Sivyo. Pesa za posta za wafungwa wote wa BOP hupokelewa Des Moines, Iowa, hata kama ndugu yako yuko Texas. Ukipitia Western Union au MoneyGram, nayo inaingia kwenye akaunti yake ileile, na akihamishiwa gereza jingine la BOP akaunti inamfuata. Lakini subirini kwanza afike kwenye gereza la BOP. Akiwa bado jela ya kaunti akingoja kusafirishwa, hawezi kupokea kwa njia hii.

"Jina lake linatosha." Hapa ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Kila mfungwa ana namba ya tarakimu 8: tano, kistari, halafu tatu. Hiyo ndiyo inayotambulisha akaunti, pamoja na jina aliloandikishwa nalo gerezani. Na majina yetu yanachanganya: nyumbani anaitwa jina la babu, kwenye pasipoti la baba limekaa mwisho, karani naye kaandika anavyojua. Msibahatishe. Kwenye tovuti ya bop.gov kuna sehemu ya kumtafuta mfungwa. Nakilini jina na namba kama vilivyo pale. Mmoja asome tarakimu kwa sauti, mwingine azifuate kwenye fomu. BOP wenyewe wanaonya kuwa ukikosea taarifa hizo, muamala haufutiki.

"Weka noti ndani ya barua, itamfikia." Haitamfikia. Noti hazipokelewi, wala hundi ya mtu binafsi. Kinachotakiwa ni hawala ya fedha (money order) yenye jina na namba yake, na juu ya bahasha jina na anwani yako wewe mtumaji. Tafadhali, barua ya mama na picha za watoto zisiwekwe humo, kwa sababu zitatupwa. Hizo zipelekeni kwenye anwani ya gereza. Hawala ya posta ya Marekani ni bora, kwani hawala zisizo za serikali huzuiwa siku 15. Mwenye haraka apitie kwa wakala wa Western Union au MoneyGram: ikitumwa kati ya saa 1 asubuhi na saa 3 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, kwa kawaida inaonekana ndani ya saa 2 hadi 4.

"Tukusanye nyingi tumtumie kwa mkupuo, apumzike." Naelewa moyo wa anayesema hivyo, ila mara nyingi ndivyo mfungwa anavyopungukiwa. Kwanza, matumizi ya duka la gereza yana kikomo cha mwezi, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa dola 360. Pili, kama mahakama ilimtoza faini au fidia, kuna mpango wa malipo ambao maofisa wa gereza hukaa naye kuupanga. Wanaangalia pesa zilizoingia miezi 6 iliyopita, wanaacha dola 75 kwa kila mwezi, na zinazobaki huingia kwenye hesabu ya anachoweza kulipa. Mkimwekea dola 3,000 siku moja, mnaweza kupandisha malipo yake. Tena sheria inamtaka mfungwa anayedaiwa fidia aelekeze huko mali kubwa anayoipata akiwa kifungoni, hata ikiwa urithi. Fidia ni haki ya aliyedhulumiwa na italipwa. Ninachosema ni mumuulize yeye kwanza, halafu mtume kidogo kila mwezi, mwezi baada ya mwezi.

Wapo pia wanaosema serikali inamlisha na kumvika, pesa ya nini. Kazi za kawaida za humo ndani hulipa senti 12 hadi 40 kwa saa. Kwa mshahara huo anunue dawa ya meno, viatu, stempu, na dakika za kuongea na wanawe.

"Akisema nimtumie mwenzake, basi ni sawa." Si sawa hata kidogo. Kupeana pesa kati ya wafungwa bila ruhusa ni kosa la nidhamu. Na ombi la namna hiyo, hasa likija kwa pupa, linaweza kuwa dalili kwamba ana deni humo au anatishwa. Msilipe kimyakimya, wala msimfokee. Muulizeni kwa utulivu kuna nini. Kama anatishwa, habari hiyo iwafikie viongozi wa gereza.

Na yule anayepiga simu akijiita ofisa, akidai kadi za zawadi au pesa ya haraka ili ndugu yenu aachiwe, ni tapeli. Kateni simu, mwambieni na mama asiipokee namba hiyo.