Faili 400 zinatosha kutabiri mama yupi atavuja damu?

Muuguzi mkunga mmoja wa hospitali ya kaunti ndogo huku kwetu Nyanza alinijia ofisini Kisumu, kompyuta kwapani. Kwa miezi minne alikuwa amenakili taarifa za kila mama aliyejifungua kwao, usiku baada ya zamu. Alitaka tumsaidie kuunda modeli ya utabiri: mama akifika leba, ujaze majibu machache, nayo ikupe uwezekano wake wa kuvuja damu kupita kiasi akishajifungua.

"Daktari, nina faili 400. Zinatosha?"

"Waliovuja damu ni wangapi?"

Akashuka na kidole kwenye safu, mstari kwa mstari. "Arobaini."

Modeli ya namna hii hujifunza kwa kulinganisha waliopatwa na wasiopatwa, na lile kundi dogo ndilo linaloamua inaweza kujifunza kiasi gani. Kwa hiyo mtu akikwambia ametumia wagonjwa 5,000, muulize waliopatwa na jambo lenyewe ni wangapi.

Swali langu la pili lilihusu vigezo. Alikuwa navyo 12: umri, idadi ya uzazi, kiwango cha damu mwilini, mapacha, kupasuliwa hapo awali na vinginevyo. Ila kwenye hesabu, kigezo kimoja si lazima kihesabiwe kimoja. Alichokiita "alivyofika hospitali" kilikuwa na majibu manne: kwa miguu, boda boda, matatu, ambulensi. Jibu moja huwa la kulinganishia yale mengine, hivyo hicho peke yake kinachukua nafasi tatu. Tulipomaliza kujumlisha, nafasi zilikuwa 20. Matukio mawili, yaani akina mama wawili waliovuja damu, kwa kila nafasi.

Mfikirie fundi wa soko la Kibuye anayeshona sweta za shule za kuuza Januari. Akiwapima watoto watano tu, halafu akachukua vipimo 20 kwa kila mmoja, hadi mzingo wa kiwiko, sweta zitawakaa watano hao barabara. Mtoto wa sita atabanwa kwapani. Fundi hakukosea kupima. Alishona hata yale maumbile ya mtoto mmoja mmoja ambayo wengine hawana. Modeli iliyolishwa matukio machache na vigezo vingi hubana vivyo hivyo, na ubaya wake una mwelekeo: walio na hatari ndogo huwapa ndogo kuliko ilivyo, na walio na hatari kubwa huwazidishia. Mama ambaye angeambiwa hatari yake ni 5 kati ya 100 anaambiwa ni 1, kisha anaachwa ajifungulie zahanati isiyo na damu ya kuongezwa. Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Wengi wetu tulifundishwa kanuni moja: matukio 10 kwa kila kigezo. Ilipata nguvu kutokana na kazi ya Peter Peduzzi na wenzake ya mwaka 1996, waliotumia takwimu za wagonjwa wa moyo 673, kati yao 252 walifariki, na vigezo saba. Ilikuwa kazi nzuri, lakini swali lao lilikuwa je, uzito wa kila kigezo, yaani mchango wake kwenye utabiri, unakadiriwa bila kuyumba? Hawakuuliza kama hatari anayotajiwa mgonjwa ni ya kweli. Kanuni ikasafiri mbali kuliko swali lake.

Mwaka 2020 Richard Riley na wenzake walieleza kwenye jarida la kitabibu la BMJ njia ya kukokotoa idadi ya watu wanaohitajika kulingana na modeli yenyewe, na kuna programu ya bure iitwayo pmsampsize inayofanya hesabu hiyo. Unaiambia ni asilimia ngapi hupatwa na tukio, nafasi za vigezo ni ngapi, na unatarajia modeli ieleze kiasi gani cha tofauti kati ya wanaopatwa na wasiopatwa. Nayo inatafuta idadi itakayokupa wastani sahihi wa hatari kwa watu wote, na itakayofanya uzito wa vigezo usihitaji kupunguzwa zaidi ya asilimia 10 ili modeli isibane kama zile sweta.

Tulimjazia yake: asilimia 10 huvuja damu, nafasi 20, modeli ieleze asilimia 15 ya kinachoweza kuelezwa. Jibu likaja akina mama 2,409, yaani matukio 241 hivi, takriban 12 kwa kila nafasi. Lakini tukio likiwa la kawaida, linalompata mmoja kati ya wawili, hesabu hiyo hiyo inadai matukio 37 kwa nafasi. Likiwapata 5 kati ya 100, inadai 9. Kumi haikuwa namba takatifu.

Alinyamaza kidogo. "Je, nikijaribu vyote 12 kisha nibakize vitatu vyenye nguvu?"

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Takwimu zako zikishakuchagulia vigezo, vyote ulivyovijaribu vimekwishakula nafasi zao, hata ulivyovifuta. Faili zake 400 zingeweza kubeba nafasi tatu tu, na hizo zichaguliwe kabla, kwa ujuzi wa wakunga na tafiti zilizotangulia. Wala kukimbilia akili unde si njia ya mkato: baadhi ya mbinu hizo huhitaji matukio zaidi ya mara 10 ya yanayohitajiwa na mbinu tulizozizoea.

Modeli ikishapatikana ijaribiwe kwingine, Siaya au Kakamega tuseme, kwa angalau watu 100 waliopatwa na 100 wasiopatwa, na mara nyingi zaidi ya hapo. Na tukio lenyewe lipimwe vizuri. Damu ikikadiriwa kwa macho tu, mara nyingi huandikwa pungufu, na mama aliyepoteza mililita 700 anaingia rejistani kama asiyevuja. Sampuli kubwa haimwokoi huyo.

Kwao hujifungua akina mama 100 hivi kwa mwezi. Peke yake angehitaji miaka miwili. Amezungumza na wakunga wa hospitali mbili jirani zenye wingi kama wao, wamekubaliana kutumia fomu moja na kupima damu kwa mizani, nayo kazi ikawa ya miezi minane. Kile kigezo cha boda boda na matatu amekiondoa mwenyewe, kabla ya kufungua faili hata moja mpya.